Barua za kujieleza zifutwe, udahili wa chuo kikuu ubaki kwa mtihani tu?

#1 Mpaka Rangi
Wakuu, salaam.

Mpwa wangu anaomba chuo kikuu msimu huu. Alama anazo, vyeti anavyo, picha za pasipoti kapiga. Kilichomkwamisha ni karatasi moja tu, barua ya kujieleza. Leo siku ya nne. Juzi nimemkuta saa saba usiku anafuta neno "shauku" anaweka "ari", anafuta "ari" anarudisha "shauku". Eti aeleze safari yake ya maisha. Mtoto wa miaka 18 ana safari gani zaidi ya kutoka kitandani kwenda darasani?

Hoja yangu fupi. Barua zifutwe, usaili ufutwe, barua za mapendekezo zifutwe. Mtihani mmoja, majina yapangwe kuanzia juu, nafasi zikiisha zimeisha. China wanafanya hivyo kwa gaokao, mtihani wao wa kuingia chuo. Mwaka 2024 walijiandikisha watahiniwa zaidi ya milioni 13 na hakuna aliyeulizwa shauku yake. Haya mengine ni mlango wa uani kwa watoto wa wakubwa.

Na historia iko upande wangu. Tangu Wazungu waanzishe vyuo vikuu pale Bologna, Italia, mwaka 1088, mtu aliyetaka elimu alifunga mzigo akaenda. Nani alimdai barua?

Karibuni. Hoja kwa hoja.

#2 Siti ya Mbele
Nimeshakaa. Endeleeni.

#3 Nukta Nundu
Naunga mkono. Barua inapima nani ana mjomba anayejua kuandika.

#4 Ibnu Kalamu
"Tangu Wazungu waanzishe vyuo vikuu." Hapo ndipo niliposhusha miwani.

Mkuu Mpaka Rangi, mengine yote nakuachia. Al-Qarawiyyin ya Fes, Morocco, ilianza mwaka 859. Aliyeijenga ni mwanamke, Fatima al-Fihri, kwa mali aliyorithi kwa baba yake. Toa 859 kwenye 1088 uone. Miaka 229! Hata Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, wanaitambua kuwa ndicho chuo kongwe kuliko vyote vinavyoendelea mpaka leo. Tukifungua mada kwa kujidhalilisha, tutaifunga kwa nini?

#5 Mpaka Rangi
Sawa mkuu, nimekuelewa, ilikuwa sentensi ya kupitia tu. Turudi kwenye barua.

#6 Kobe wa Maktaba
Haturudi. Ibnu Kalamu katupiga kamba na haiwezi kupita hivihivi.

Kilichojengwa Fes ni msikiti. Ndani yake palikuwa na darsa, tena darsa za maana, sikatai. Lakini msikiti wenye darsa si chuo kikuu. Chuo kikuu ni chama kinachojitawala, kina mhuri wake, kinatoa shahada kwa jina lake. Neno lenyewe "universitas" halikuhusu elimu hata kidogo, lilikuwa jina la chama chochote, hata cha mafundi. Pale Bologna wanafunzi wageni wa sheria walijikusanya wakaunda chama ili wenye nyumba wasiwakamue kwa kodi, kisha wakawageukia walimu wao. Mwalimu kachelewa kuingia, faini. Karuka sehemu ngumu ya somo, faini. Anataka kutoka nje ya mji, aweke amana kwanza ili arudi. Hicho ndicho chuo kikuu. Al-Qarawiyyin imeingizwa kwenye vyuo vikuu vya serikali mwaka 1963, juzi tu.

#7 Ibnu Kalamu
Kumbe elimu ilikuwa inangoja mhuri.

Mwanafunzi alikaa mbele ya mwalimu, akakisoma kitabu mpaka mwisho, mwalimu akamwandikia ijaza: huyu kakisoma kitabu hiki kwangu, namruhusu akifundishe. Timbuktu ya Mali, pale kwenye kituo cha elimu cha Sankore, hivyohivyo. Ahmed Baba, mwanachuoni wa huko, alipochukuliwa mateka kupelekwa Marrakesh baada ya uvamizi wa Wamorocco wa 1591, alilalamika kwamba askari wamempora vitabu 1,600, na kwamba maktaba yake ndiyo iliyokuwa ndogo katika ukoo. Ndogo! Watu wa namna hiyo unawaambia hawakuwa na chuo kikuu kwa sababu hawakutozana faini?

#8 Kobe wa Maktaba
Ijaza anaitoa mwalimu, mtu mmoja, kwa jina lake. Shahada inatolewa na taasisi, walimu wote wakifa leo kesho bado inasimama. Tofauti ni hiyo tu, na ndiyo yote. Timbuktu sijaigusa, usiniingize huko.

#9 Dada wa Zamu
Mko vizuri. Mleta mada aliuliza nini vile?

#10 Mtahiniwa Sugu
Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwombaji mwenyewe, yangu inatakiwa kesho kutwa. Naomba mtu anisomee mwanzo wake: "Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na ndoto ya kuwa mhandisi mwenye mchango katika jamii." Iko sawa?

#11 Mwana wa Chuoni
Kobe, wewe unaandika Kiswahili, na Kiswahili kimeshakuhukumu. Chuo ni nini? Kabla ya joho na kofia ya pembe nne, chuo ni pale mtoto alipopelekwa na juzuu yake akakaa mkekani mbele ya mwalimu. Kitabu nacho wazee walikiita chuo. Mwanachuoni si mwenye shahada, ni mwenye elimu, na elimu yenyewe ni ya msikitini. Lilipotafutwa jina la hizo "universitas" zako, likaazimwa la madrasa likaongezwa "kikuu". Kila ukisema palikuwa na chuo lakini si chuo kikuu, unakata tawi ulilokalia.

#12 Siti ya Mbele
Hahahaha. Kobe rudi kwenye gamba.

#13 Kobe wa Maktaba
Jina si historia. Eropleni tunaiita ndege. Imeshawahi kutaga?

#14 Mwana wa Chuoni
Haijataga lakini inaruka, na ndiyo maana ikapewa jina. Fes haikutoza faini lakini ilifundisha.

#15 Nukta Nundu
"Imeshawahi kutaga?" Naikopa hiyo bila kurudisha.

#16 Daftari Kuukuu
Mnapigania tarehe, na zote mbili zina nyufa.

1088 haina hati. Ilichaguliwa karne ya 19 na kamati iliyoongozwa na mshairi Giosuè Carducci, ili mwaka 1888 mji upate kusherehekea miaka 800. Ni tarehe ya sherehe.

859 nayo. Habari za Fatima tunazipata kwa Ibn Abi Zar, mwandishi wa karne ya 14, karibu miaka 500 baada ya tukio. Na wakati wa ukarabati wa jengo ulipatikana ubao wa kuchonga unaomtaja Dawud ibn Idris na mwaka 263 wa Hijra, yaani 877.

Oxford waungwana, hawana tarehe kabisa. Wanasema mafundisho yalikuwapo kwa namna fulani mwaka 1096, yakashika kasi kuanzia 1167, mfalme Henry II alipowakataza Waingereza kwenda kusoma Paris.

#17 Ibnu Kalamu
Daftari, nilikuheshimu. Ubao mmoja umetosha kumfuta mwanamke anayetajwa na vizazi? Bologna wakijipangia tarehe ni sherehe, sisi tukipokea kwa wazee wetu ubao unakataa.

#18 Daftari Kuukuu
Sijamfuta mtu. Nimesema ubao umekutwa.

#19 Dada wa Zamu
Hapa sasa mmenigusa. Wanaume wazima wanagombania mwanamke wa karne ya 9 kama wanagombania mahari, na hakuna aliyeuliza wengine walikuwa wapi. Elena Cornaro Piscopia alipata shahada Padua, Italia, 1678. Laura Bassi, hiyo Bologna yenu, 1732. Mmoja mmoja, kama mvua ya kiangazi. Oxford wamewapa wanawake shahada mwaka 1920. Cambridge 1948! Walikuwa wanakaa darasani, wanafanya mtihani uleule, wanafaulu, wanaambiwa hongera, nendeni nyumbani. Mwaka 1890 Philippa Fawcett alipata alama za juu kuliko mwanamume aliyeshika nafasi ya kwanza kwenye mtihani wa hisabati wa Cambridge. Shahada hakupewa.

Sasa nyie wa "mtihani tu", huyo alifeli mtihani gani?

#20 Mpaka Rangi
Dada, hilo kosa la sheria zao, si la mtihani. Mtihani ulimwona, watu ndio walimkataa. Umenisaidia hoja.

#21 Dada wa Zamu
Sikuja kukusaidia.

#22 Msimamizi wa Jukwaa
Posti nne za Kobe wa Maktaba na Ibnu Kalamu zimeondolewa. Kuulizana nani kavuka lango la chuo gani si hoja. Endeleeni kwa staha.

#23 Ibnu Kalamu
Nashukuru msimamizi, lakini aliyeuliza kauliza hadharani, nami nitajibu hadharani. Lango la chuo nimelivuka. Nilikuwa tarishi pale kwa miaka 11. Vitabu nilivyosoma kwenye benchi la korido nikisubiri sahihi za madaktari na maprofesa, Kobe asingevimaliza. Cheti sina.

#24 Kobe wa Maktaba
Ndugu yangu, hapo nimekosa. Nisamehe, tena mbele za watu kama nilivyokukosea mbele za watu.

Ila bado ulikuwa msikiti.

#25 Ibnu Kalamu
Yamekwisha. Na bado kilikuwa chuo.

#26 Pembe Tatu
Fes na Bologna zimewapofusha, Nalanda mmeiacha. India, karne ya 5, chuo cha Wabudha. Mtawa wa China aitwaye Xuanzang alisoma hapo karne ya 7 akaandika alichokiona. Langoni alikaa msomi. Mgeni anayetaka kuingia kwenye mijadala ya ndani anatupiwa maswali magumu palepale, na katika kila kumi, saba au wanane walishindwa wakageuza. Kwa hiyo mleta mada, huyo aliyefunga mzigo akaenda, mara nyingi alirudi nao.

#27 Mpaka Rangi
Safi sana! Maswali, unafaulu unaingia, unashindwa unageuza. Huo ni mtihani mtupu. Shauku haikuulizwa.

#28 Pembe Tatu
Huo ni usaili, mkuu. Ana kwa ana, kwa mdomo, anayeamua ni aliyekaa langoni. Na usaili ulisema ufutwe.

#29 Nukta Nundu
Goli la kujifunga.

#30 Msoma Mafaili
Nimewasoma tangu mwanzo, nimeona niseme. Nilikuwa kwenye kamati ya udahili ya chuo fulani kwa miaka sita. Meza ndefu, kila mtu na rundo lake. Asubuhi faili moja unalipa dakika tano, jioni mbili. Unaanza na alama, unarukia barua. Mapendekezo unatazama sahihi tu, maana kila mwombaji ni "miongoni mwa wanafunzi bora niliowahi kuwafundisha". Barua nane katika kumi zinaanza na utoto. Ukimpata wa kujadiliwa unakunja kona ya karatasi.

Siku moja mwenzangu wa kushoto akasoma kwa sauti sentensi kuhusu bibi anayekata roho huku kashika mkono wa mjukuu. Kabla hajafika nukta nikaimalizia mimi, bila kutazama karatasi yake. Nilikuwa nimeisoma asubuhi. Bibi yuleyule, mkono uleule, waombaji wawili wasiofahamiana. Mwandishi wa kukodi ndiye aliyekuwa mmoja.

Lakini pia nilikunja kona ya kijana aliyeandika ukurasa mzima kuhusu pampu ya maji. Imegoma, kaifungua mara tatu, mara ya tatu kaifunga ikafanya kazi, ila mkononi kabaki na skrubu moja isiyo na kwao. Anasema skrubu hiyo anayo mpaka leo na inamnyima raha. Sarufi mbovu, alama mbili chini ya mstari. Tulibishana karibu nusu saa. Aliingia. Na hakuna karatasi ya mtihani ambayo ingenionyesha ile skrubu.

#31 Mpaka Rangi
Hadithi tamu. Na yule aliyekuwa juu ya mstari akaachwa ili wa skrubu apate nafasi, barua yake ilisomwa na nani?

#32 Msoma Mafaili
Na mimi. Jioni.

#33 Siti ya Mbele
Daa.

#34 Mtahiniwa Sugu
Mzee Msoma Mafaili, shikamoo. Ile aya yangu niliiweka huko juu, #10. Naomba maoni yako tafadhali.

#35 Msoma Mafaili
Marahaba mwanangu. Futa yote. Aya ya pili inasemaje?

#36 Mtahiniwa Sugu
Inaeleza redio ya babu ilivyokuwa inashika stesheni mbili kwa pamoja na nilivyojua sababu.

#37 Msoma Mafaili
Anza hapo. Na babu asife.

#38 Daftari Kuukuu
Mleta mada aliuliza nani alidai barua na hakuna aliyemjibu, wote mlikuwa Fes.

Kila zama ilikuwa na kizingiti chake. Oxford kuanzia 1581 uliapa kwanza kukubali imani ya Kanisa la Uingereza ndipo jina liandikwe. Mkatoliki au Myahudi aishie nje, na masharti ya dini hayakuisha kufutwa mpaka sheria ya 1871. Harvard ya Marekani karne ya 17 walitaka Kilatini, unafunguliwa kitabu cha Cicero, mwandishi wa Kirumi, unasoma hapohapo bila kujiandaa. Baadaye ikawa mitihani ya kuandika, na aliyefaulu aliingia, kwisha.

Kasheshe ikaanza pale waliofaulu walipozidi kuwa watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walishapita asilimia 20 ya wanafunzi wa Harvard. Rais wa chuo, A. Lawrence Lowell, akataka wawekewe kikomo cha asilimia 15. Akapingwa waziwazi, basi wakazunguka nyuma ya nyumba. Fomu ya mwaka 1922 ikaanza kuuliza kama jina lako au la baba yako limewahi kubadilishwa. Kufikia 1926 alama hazikutosha tena, ikatakiwa picha, ikatakiwa "tabia", ikatakiwa "haiba". Yale na Princeton nao wakashika njia hiyo. Barua ya mpwa wako ina ukoo, na ukoo wenyewe ndio huo.

#39 Mpaka Rangi
HAPO! Msimamizi funga uzi, nimeshinda.

#40 Dada wa Zamu
Usifunge. Mwaka huohuo wa 1926 ndio SAT, mtihani wa Marekani wa kuingia chuo, ilifanywa mara ya kwanza. Aliyeitunga ni Carl Brigham, ambaye 1923 alikuwa ametoa kitabu cha kudai Wazungu wa kaskazini mwa Ulaya wana akili kuliko wengine. Mwaka 1930 akakiri mwenyewe kuwa utafiti ule hauna msingi, lakini mtihani ulishaondoka na treni. Barua na mtihani ni pacha, Daftari. Ukimtaja mmoja mtaje na mwenzake.

#41 Daftari Kuukuu
Nimetaja. Au umetaja wewe kwa niaba yangu, nashukuru.

#42 Ngazi ya Mianzi
Mnauponda mtihani mkiwa mmeshiba. China iliusimamisha kuanzia 1966. Kuingia chuo ikawa kwa mapendekezo ya wakubwa wa kiwanda na wa kijiji, kwa "msimamo mzuri", yaani kwa kujuana. Mwaka 1977 mtihani ukarudi. Wakaja watu milioni 5.7, wengine walikuwa wameshika jembe miaka kumi, mwalimu na mwanafunzi wake wanakaa chumba kimoja cha mtihani. Waliopata nafasi ni kama 273,000. Waambieni wale kwamba alama hazina utu.

#43 Pembe Tatu
Umesema vizuri na nusu umeificha. Gaokao ina mgawo kwa majimbo. Mtoto aliyeandikishwa Beijing ana nafasi kubwa zaidi ya kuingia vyuo vya Beijing kuliko mtoto wa Henan mwenye alama zilezile. Huo mstari anaochora mleta mada "kuanzia juu" hauchorwi hata huko anakokusifia.

#44 Ngazi ya Mianzi
Kweli. Lakini mgawo unaandikwa, unauona, unaupigia kelele. Haiba utaipigia kelele wapi?

#45 Nukta Nundu
Na mtihani hauhongwi.

#46 Daftari Kuukuu
Nukta, lala salama. Machi 2019, Marekani, walishtakiwa watu 50. Rick Singer alikuwa anawauzia wazazi matajiri njia mbili. Ya kwanza ni kumpachika mtoto kuwa mwanamichezo wa mchezo asioucheza, na picha zikitakiwa zinatengenezwa. Ya pili ni mtihani wenyewe, mtu wake anafanya badala ya mtoto au anasahihisha majibu mtoto akishatoka. Barua, michezo, mtihani, vyote vilikuwa na bei.

#47 Nukta Nundu
Nimelala.

#48 Pembe Tatu
Basi tupige kura. Weka kiwango cha chini cha ufaulu, wote waliokivuka waingizwe kwenye chungu, yachomolewe majina. Si mzaha. Uholanzi walifanya hivyo kwa udaktari tangu 1972, mwenye alama za juu alikuwa na nafasi kubwa zaidi ndani ya chungu. Waliacha 2017, baadaye sheria ikaruhusu vyuo virudie.

#49 Siti ya Mbele
Daktari wa kuchomolewa kwenye chungu? Kisu asinishikie.

#50 Pembe Tatu
Kaingia kwa kura, hakutoka kwa kura. Katikati pana miaka sita ya mitihani.

#51 Ngazi ya Mianzi
Waulize Wafaransa. Baccalauréat ya tangu Napoleon, 1808, ukiipata una haki ya kwenda chuo. Watu wakazidi nafasi, mwaka 2017 baadhi ya kozi zikajaa wakapiga kura. Nchi nzima ikawaka moto. Mwaka 2018 wakaleta mfumo mpya, Parcoursup. Na ulidai nini? Mwombaji aeleze kwa nini anaitaka kozi.

#52 Mpaka Rangi
Yaani kila mlango ukifungwa barua inaingilia dirishani.

#53 Msoma Mafaili
Kwa sababu nafasi ni 100 na wanaofaa ni 400. Hao 300 lazima uwaambie kitu. Alama, haiba, kura, hicho ni kitu cha kuwaambia. Mimi niliwaandikia "ushindani ulikuwa mkubwa", ilikuwa tayari imechapwa, naweka jina tu.

#54 Dada wa Zamu
Halafu hujaguswa na mtu kuuliza kwa nini nafasi zibaki 100?

#55 Msoma Mafaili
Tuliuliza. Tulijibiwa ukumbi una viti 100.

#56 Mwana wa Chuoni
Msikitini ukumbi ukijaa watu wanakaa uani.

#57 Kobe wa Maktaba
Ahaa, kwa hiyo umekubali ulikuwa msikiti.

#58 Mwana wa Chuoni
Nimekubali kilikuwa chuo kisicho na kamati ya udahili.

#59 Mpaka Rangi
Naombeni jambo moja. Mpwa wangu kaniuliza sasa hivi: "Mjomba, watu wa jukwaani wamesemaje, shauku au ari?"

#60 Nukta Nundu
Skrubu.

#61 Mtahiniwa Sugu
Nimetuma. Nimeanza na redio. Babu yu hai na kaniambia niwasalimie.

#62 Ibnu Kalamu
Msalimie sana. Kobe, usiku sikulala vizuri, nimeifikiria ile ndege yako. Ile ya kwanza, yenye manyoya, nayo kuna aina haziruki na bado tunaziita ndege. Mbuni je?

#63 Kobe wa Maktaba
Mbuni anataga. Fungulia uzi wake, nakuja.